Safari ya Dirishani: Kijitabu cha Kupanga Mapumziko ya Reli na Barabara kwa Wazee Wetu



Kijitabu hiki ni cha mtu aliyetimiza miaka 60, umri ambao Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 inamhesabu kuwa mzee, na ni cha watoto na wajukuu wanaotaka kumpeleka kutembea. Hatuzungumzii safari ya msibani, ya harusini wala ya hospitali ya rufaa. Hizo wazee wetu wamezizoea, na kwa wengi ndizo safari pekee walizobaki nazo. Tunazungumzia kutembea kwa ajili ya kutembea: kukaa dirishani, kuitazama nchi ikipita, kulala mahali pazuri, kuamka bila kukimbizwa.

Wengi walioijenga nchi hii hawakupata nafasi ya kuitazama. Mwalimu aliyehamishwa kutoka Newala kwenda Sumbawanga aliipita njia yote usiku, amebanwa kati ya mabegi na watoto. Muuguzi aliyezunguka mikoa mitano katika utumishi wake anaijua wodi ya kila mkoa, lakini mlima uliokuwa nyuma ya wodi hakuupanda wala hakuuliza jina lake. Muda wa kuuliza umefika.

Kanuni yetu ni moja, na mengine yote yanatokana nayo: safari ya mzee ipangwe kwa saa za mwili wake, si kwa idadi ya kilomita. Kwa hiyo kila siku ndefu ya njiani ifuatwe na siku nzima ya kukaa. Gari lisiwe barabarani jua likishazama. Na mzee mwenyewe awepo wakati ratiba inapangwa, asiletewe karatasi iliyokwisha kuandikwa na watoto kwenye kundi la WhatsApp.

Mzunguko tunaoupendekeza

Zipo njia nyingi nzuri Afrika Mashariki. Wenzetu wa Kenya wana treni ya Madaraka Express kati ya Nairobi na Mombasa tangu mwaka 2017, na inapita katikati ya Tsavo. Hapa tumechagua mzunguko mmoja wa Tanzania ambao unachanganya reli na barabara bila kumchosha mtu: Dar es Salaam hadi Dodoma kwa treni ya reli ya kisasa (SGR), Dodoma hadi Iringa kwa gari kupitia bwawa la Mtera, Iringa hadi Mikumi kwa kuteremka mlima Kitonga, Mikumi hadi Morogoro, kisha treni tena kurudi Dar es Salaam. Laleni usiku 2 Dodoma, 3 Iringa, 2 Mikumi na 1 Morogoro. Hizo ni siku 9. Mwenye siku 4 tu aende kwa treni hadi Morogoro, achukue gari hadi Mikumi, alale huko usiku 2, arudi kwa njia ileile na kulala usiku 1 Morogoro.

Miezi mizuri ni Juni hadi Septemba, mvua zikiwa zimekwisha na barabara zimekauka. Dodoma mvua zake ni kati ya Desemba na Aprili.

Treni ibebe sehemu nzito

Safari za abiria za SGR zilianza tarehe 14 Juni 2024 kati ya Dar es Salaam na Morogoro, na tarehe 25 Julai mwaka huohuo zikafika Dodoma. Treni hii ya umeme hukimbia hadi kilomita 160 kwa saa. Lakini kwa mzee, kasi si faida yake kubwa. Faida kubwa ni kwamba anaweza kusimama. Anaweza kujinyoosha, kutembea hadi mwisho wa behewa akishika migongo ya viti, kwenda msalani bila kumwomba dereva wala kusubiri kituo. Ukilinganisha na foleni ya Kimara na Kibaha, kisha msururu wa malori kuelekea Chalinze, utaona kwa nini tunasema sehemu hiyo iachiwe treni.

Nauli ya daraja la kawaida ilipoanza ilikuwa shilingi 13,000 hadi Morogoro na 31,000 hadi Dodoma. Uliza bei ya sasa kabla ya kuchanga fedha. Tiketi hukatwa kwa kitambulisho, hivyo jina lililo kwenye tiketi lifanane na lililo kwenye kadi ya NIDA herufi kwa herufi. Wazee wengi wana jina la ubatizo au la jando kwenye kadi na jina jingine ambalo familia nzima inalitumia. Mjukuu anayekata tiketi kwa simu huandika lile la nyumbani. Kaeni naye mwone kadi.

Fikeni stesheni mapema. Mizigo hukaguliwa kwa mashine kama uwanja wa ndege, na stesheni ni kubwa: kutoka mlango wa teksi hadi behewani ni mwendo ambao goti bovu litauhisi. Ulizeni lifti iko wapi na kama kuna kiti cha magurudumu, hata kama mzee anasema hahitaji. Begi liwe la kusukuma, na liwe moja. Tena treni ya umeme nayo inaweza kusimama njiani umeme ukikatika, basi pawe na maji, kitu cha kutafuna na dawa za siku hiyo kwenye mkoba wa mkononi.

Mkiweza kuchagua viti, chagueni dirisha la kushoto kwa anayetazama mbele. Mkikaribia Morogoro milima ya Uluguru itasimama upande huo, ya bluu kwanza, kisha kijani. Mto Ruvu unaowanywesha wakazi wa Dar es Salaam unatoka kwenye milima hiyo. Baada ya Morogoro treni huingia upande wa Kilosa, kwenye bonde la mto Mkondoa. Reli ya zamani, iliyoanza kujengwa Dar es Salaam mwaka 1905 na kufika Kigoma 1914, hupita bonde hilohilo, na mafuriko yameing'oa mara nyingi. Reli mpya ilitobolewa milimani kwa mahandaki. Mzee aliyesoma Tabora au aliyefanya kazi Kigoma analijua bonde hili kwa jina la kila stesheni: Kilosa, Kidete, Godegode, Gulwe. Mwacheni asimulie. Wajukuu wavue vile vidude vya masikioni kwa nusu saa hiyo.

Dodoma hewa ni kavu. Bebeni mafuta ya midomo na ya ngozi. Siku ya pili msiijaze: Nyerere Square asubuhi, kivulini, kisha zabibu za sokoni jioni. Mwenye kisukari hakatazwi kuonja. Kiganja kimoja baada ya mlo kinatosha.

Maji, na mahali pa kujisaidia

Jambo hili tumelipa nafasi kubwa kwa sababu ndilo linaloharibu safari nyingi za wazee, na ndilo lisilosemwa.

Tuliwahi kusafiri na kikundi cha wastaafu kutoka Dodoma kwenda Iringa. Tuliposimama Mtera, saa 5 asubuhi, mama mmoja alikuwa amepakata chupa ya maji tuliyompa alfajiri. Ilikuwa imejaa. Kifuniko hakijavunjwa. Alikuwa anatabasamu na kusema yuko salama, lakini midomo ilikuwa imekauka na alipoinuka alishika kiti kwa mikono yote miwili, kizunguzungu. Alikuwa hajanywa kitu tangu chai ya jana yake usiku, kwa kuogopa kwamba atalazimika kusimamisha gari mbele ya wanaume.

Huyu si mmoja. Wapo kina mama wengi wa namna hii, na wapo kina baba wenye tezi dume ambao hujibana hivyohivyo. Matokeo yake ni kizunguzungu, kuanguka, kukosa choo siku tatu, na mkojo kuuma. Kwa anayetumia dawa za presha, kukaa bila maji kunaweza kuishusha ghafla.

Dawa ya aibu hii ni ratiba. Dereva akishajua kwamba atasimama kila baada ya saa 1 na nusu, bila kuombwa, hakuna mzee atakayelazimika kunyoosha mkono. Simameni kwenye hoteli au kituo kikubwa cha mafuta, na mmoja wenu ashuke kwanza akaangalie: choo ni cha kukaa au cha kuchuchumaa? Pana maji? Sakafu inateleza? Pana kitu cha kushika? Kwa mtu mwenye magoti mabovu choo cha kuchuchumaa si shida ndogo, ni hatari. Bebeni karatasi laini, sabuni, kanga ya ziada na sarafu za kulipia. Mwenye shida ya kuzuia mkojo avae pedi za watu wazima. Zinauzwa kwenye maduka ya dawa. Binti au mkwe amnunulie kimya kimya na kuziweka kwenye begi lake, si kwenye begi la wote.

Mama yetu yule alikunywa chupa nzima palepale Mtera, akala samaki wa kukaanga kwa ndimu, na kuanzia hapo akawa yeye ndiye anayemkumbusha dereva muda wa kusimama.

Mtera penyewe pastahili nusu saa. Bwawa lile limeuzuia mto Ruaha Mkuu kwa ajili ya umeme, na maji yakitoka pale huenda tena kuzungusha mitambo ya Kidatu. Dodoma hadi Iringa ni kilomita 260 hivi, lami tupu, mibuyu kwa wingi. Ondokeni saa 2 asubuhi, mtafika kabla ya alasiri.

Iringa: baridi na mkaa

Iringa iko mita 1,600 hivi juu ya usawa wa bahari. Juni na Julai baridi yake inamwingia mzee hadi mifupani. Ombeni mablanketi ya ziada na maji ya moto siku ile mnapoweka nafasi. Soksi za kulalia zisisahauliwe.

Na hapa tunasema kwa msisitizo wote tulio nao: msiingize jiko la mkaa chumbani. Mkaa unaowaka katika chumba kilichofungwa hutoa hewa ya sumu isiyo na rangi wala harufu. Mtu husinzia na haamki. Hata jiko lililokwisha kupikiwa nje, makaa yakiwa yamefifia, bado linatoa hewa hiyo. Kama chumba ni baridi mno, hamieni chumba kingine.

Siku mbili za kukaa Iringa zina mambo ya kutosha. Jiwe la Gangilonga, ambalo maana ya jina lake kwa Kihehe ni jiwe linalosema, liko mjini kabisa; kwa anayeweza kupanda taratibu, jua la jioni kutoka pale juu ni zuri sana. Kalenga pana makumbusho yenye fuvu la Mtwa Mkwawa, mtawala wa Wahehe, lililorudishwa kutoka Ujerumani mwaka 1954. Wapo wazee wanaoikumbuka siku hiyo au waliosimuliwa na baba zao. Isimila, kilomita 20 hivi kutoka mjini, kuna nguzo za udongo zilizochongwa na maji na zana za mawe za watu wa kale. Banda la maonyesho lafikika kwa kila mtu, ila kushuka bondeni kwenye nguzo ni mteremko wa vumbi. Asiyejiamini abaki juu, na abaki na mwenzake. Asiachwe peke yake kwenye gari.

Kitonga

Kutoka Iringa hadi mji wa Mikumi ni chini kidogo ya kilomita 200, lakini katikati pana Kitonga. Ondokeni tena saa 2 asubuhi. Lori moja likiharibika kwenye kona za Kitonga foleni inaweza kukaa saa nyingi, na asubuhi mna muda wa kusubiri bila kuingiwa na usiku. Muda mfupi baada ya kutoka mjini mtapita Lugalo, mahali ambapo Wahehe waliwashinda Wajerumani mwezi Agosti 1891. Pana mnara kando ya barabara.

Gari liwe limekaguliwa breki siku iliyotangulia. Dereva ateremke kwa gia ndogo, asining'inie kwenye breki, asilipite lori kwenye kona hata kama ana haraka, na asiwe na haraka. Malori haya yanatoka Zambia na Congo, madereva wake wamechoka. Mwambieni dereva wenu masharti haya kabla hamjalipana, si mkiwa mlimani. Masikio yataziba; mmeze mate, mtafune kitu.

Halafu tazameni. Ukuta wa mlima upande mmoja, na upande wa pili bonde limefunguka hadi mbali, mto chini yake, mibuyu imesimama kama watu waliokuja mkutanoni. Joto linapanda kadiri mnavyoshuka. Sweta la Iringa livuliwe mapema, maana mtakapofika Ruaha Mbuyuni, kwenye vitunguu vilivyotundikwa kando ya barabara, mtakuwa mnatoka jasho. Mabadiliko hayo ya joto ndani ya muda mfupi humchosha mzee kuliko anavyotambua, kwa hiyo kituo cha pale kiwe kirefu. Kaeni kivulini. Nunueni vitunguu, lakini msijaze gari mkakosa pa kuweka miguu.

Mikumi na Morogoro

Hifadhi ya Mikumi ilianzishwa mwaka 1964, ina kilomita za mraba 3,230, na barabara kuu inaikata kwa kilomita 50 hivi. Kwa mzee asiyeweza kurushwarushwa ndani ya hifadhi, barabara hiyo ni neema: tembo, twiga, pundamilia na swala huonekana kutoka kwenye lami. Mwendo hapo una kikomo, na anayegonga mnyama hutozwa faini kulingana na aina ya mnyama. Msishuke kwenye gari kupiga picha.

Mnaotaka kuingia ndani, nusu siku inatosha. Ingieni alfajiri, kwenye uwanda wa Mkata, mtoke kabla ya jua kali. Magari ya hifadhini yako juu. Bebeni kigoda imara cha kukanyagia. Tumeona watoto wakimvuta mama yao kwa mikono miwili kuingia kwenye gari, bega likauma wiki mbili, kwa kukosa kigoda. Mzee akae kiti cha katikati, si cha nyuma juu ya magurudumu, ambako kila shimo humpiga mgongoni. Malipo ya getini hayapokelewi kwa fedha taslimu, kwa hiyo yashughulikiwe kabla.

Mkiwa Mikumi mtasikia sifa za maporomoko ya Sanje katika milima ya Udzungwa, urefu wa mita 170. Ni kweli yanapendeza. Lakini njia yake ni ya kupanda msituni, na kwa maoni yetu si ya mtu wa magoti. Wenye miguu waende, warudi na picha.

Morogoro, mji kasoro bahari, ni wa kupumzikia tu. Laleni mahali panapotazama Uluguru, kuleni matunda, mlale mapema. Stesheni ya SGR haiko katikati ya mji, hivyo usiku uliotangulia agizeni teksi ya kuwapeleka.

Mwili

Wiki mbili kabla ya safari mzee amwone daktari wake. Si kwa kuomba ruhusa. Ni kwa kuuliza. Dawa ya presha inayokojosha imezwe saa ngapi siku ya njiani? Mwenye kisukari apange vipi mlo na sindano? Asiache dawa yoyote kwa uamuzi wake ili asisumbuke njiani. Dawa zigawanywe mafungu mawili, kwenye mikoba miwili, pamoja na akiba ya siku 4 za ziada. Insulini ikae mahali pa baridi bila kugusana na barafu, na isiachwe kwenye gari lililofungwa juani. Andikeni kwenye karatasi moja majina ya dawa, vipimo, magonjwa, mzio na simu ya mtoto mmoja anayepokea simu. Karatasi hiyo na kadi ya bima vikae mfukoni mwa mzee. Namba ya dharura ni 112.

Kukaa muda mrefu miguu ikining'inia kunaweza kugandisha damu kwenye mishipa ya miguu. Kila saa, azungushe vifundo, anyanyue visigino na vidole kwa zamu, atembee kidogo. Mguu mmoja ukivimba na kuuma kuliko mwingine, au kifua kikibana, hapo si pa kukandwa kwa mafuta, ni hospitali. Viatu viwe vya kufungua na kulegeza, maana mchana miguu hujaa. Neti Mikumi na Morogoro ni lazima.

Kwa atakayenogewa

Baada ya mzunguko huu wengi huulizia TAZARA. Reli hiyo ya kilomita 1,860 kati ya Dar es Salaam na New Kapiri Mposhi, iliyojengwa kati ya 1970 na 1975, ina kipande cha Mlimba hadi Makambako chenye madaraja na mahandaki ambacho kwa uzuri hakina mfano nchini. Ila treni zake huchelewa, na huduma ya abiria imewahi kusitishwa kisha ikarejeshwa. Si safari ya kuanzia. Mkiambiwa inatembea, kateni chumba kizima cha daraja la kwanza chenye vitanda 4, mume na mke wasitenganishwe, na mzee apewe kitanda cha chini.

Nanyi watoto mnaochanga, tunawaomba jambo moja. Kabla ya kukata tiketi, mpigieni mzee simu jioni akiwa ametulia, mumuulize: katika maisha yako ni wapi ulipita usiku, na sasa ungependa kupaona mchana? Jibu lake ndilo lianze ratiba.